Andika Pia Bei Aliyolipwa Fundi

Longisa, Bomet

Mpendwa Chelangat,

Hapa nyumbani tu wazima. Goti la baba yako limepata nafuu, mvua imeshika vizuri, na mahindi ya shamba la chini yanafika kiunoni. Mama yako ameniagiza nikukumbushe simu ya Jumapili, maana wiki iliyopita alingoja hadi usiku akalala na simu mkononi.

Nimesoma ujumbe wako kwa makini. Wenzako wa chama cha wenzi wa askari wa Marekani hapo Kaiserslautern, Ujerumani, wamekukabidhi kazi ya kuandika historia ya duka lao la zawadi, lile ambalo faida yake yote hutolewa kwa hisani, na wewe hujui uanzie wapi. Ukaongeza kwamba unaona haya kujaza kurasa kwa habari za vikombe na mapambo ya Krismasi wakati dunia ina mambo mazito. Usione haya. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama hapa Longisa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeuza vibuyu, ushanga na vikapu kwa watu wa makanisa, kwa watalii wanaopita barabara ya Narok kwenda Mara, na kwa wanunuzi wa bazaa za hisani za ng'ambo. Duka kama lenu nalijua kutoka upande wa pili wa kaunta, na ndiyo sababu barua hii itakuwa ndefu.

Anza na mwaka 1946. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, jeshi la Marekani limebaki Ujerumani na Japani kuzitawala nchi zilizoshindwa, na askari wanadai familia zao. Meli ya kwanza ya wake na watoto ilitia nanga Bremerhaven mwishoni mwa Aprili mwaka huo, na Japani familia zikaanza kufika miezi michache baadaye. Jaribu kuwaza walichokikuta. Miji ilikuwa vifusi. Wenyeji walibadilisha saa, kamera na vijiko vya fedha kwa sigara na kahawa, kwa sababu pesa yao haikuwa na thamani. Mke wa ofisa aliyetoka shamba la Ohio akajikuta ana nyumba kubwa waliyonyang'anywa wenyewe, ana mtumishi, na mlangoni kuna watoto wasio na viatu.

Wake hao wakaunda vyama. Wakakusanya nguo na maziwa ya unga, wakashona, wakapeleka zawadi za Krismasi kwenye nyumba za yatima. Wakubwa wa jeshi na serikali waliwahimiza sana, kwani waliona kwamba mwanamke mwenye kikapu mkononi hupokelewa mahali ambapo mwanamume mwenye bunduki haaminiki. Walikuwa mabalozi bila mshahara. Mwanahistoria Donna Alvah ameandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 2007. Kitafute katika maktaba ya kambi kabla hujaandika sentensi yako ya kwanza.

Usiruke jambo moja lisilopendeza. Baadhi ya watoto waliokuwa katika nyumba hizo za yatima walikuwa wa askari wenyewe. Japani, Miki Sawada alifungua nyumba ya Elizabeth Saunders mjini Oiso mwaka 1948 kwa ajili ya watoto waliozaliwa na wanawake wa Kijapani na askari wa kigeni, kisha wakatelekezwa. Hisani ya kambi za jeshi ilizaliwa karibu sana na madhara yaliyoletwa na jeshi lenyewe, na wanawake wale walijua. Sioni kuwa hilo linawapunguzia heshima. Naona linawaongezea, kwa sababu wangeweza kufunga mapazia na kucheza karata mpaka zamu ya waume zao iishe.

Duka linatokana na hayo. Kutoa kunahitaji fedha, na michango ya wanachama haitoshi. Mwanamke aliye ugenini ana kitu kimoja ambacho jamaa zake kwao hawana: yuko karibu na mafundi wa nchi nyingine. Ananunua kwa bei ya jumla, anapanga kwenye rafu ndani ya kambi, wenzake wananunua cha kupeleka nyumbani wakati wa kuhama, na faida inakuwa karo ya mwanafunzi au blanketi la hospitali. Wauzaji hawalipwi, wanapokezana zamu. Jeshi huwapa kibali cha kuendesha shughuli ndani ya kambi, lakini hesabu ni zao wenyewe, na hasara ikitokea ni yao. Hayo unayajua kuliko mimi. Nayaandika ili uone kwamba mpango huo umedumu karibu miaka themanini bila kubadilika sana, na ni biashara chache zinazodumu hivyo huku wafanyakazi wake wote wakihamishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Hilo la kuhama ndilo jambo gumu katika historia yako. Katika kikundi chetu, mama akifa tunamzika na kumbukumbu zake, lakini binti yake yupo na jirani yake yupo. Kwenu, kila kiangazi nusu ya wanaojua huondoka na makontena. Kwa hiyo historia ya duka lenu haimo vichwani mwa watu, imo kwenye makabati: mafaili ya kukabidhiana kazi, kumbukumbu za mikutano, vitabu vya risiti, picha zisizo na majina nyuma. Omba ufunguo wa kabati hilo wiki hii. Ukikuta karatasi zimeandaliwa kutupwa, zizuie.

Andika pia habari za vyeo, hata kama wenzako watapenda uziache. Kwa miaka mingi wake wa maofisa walikuwa na chama chao, na wake wa askari wa vyeo vya chini chao, au hawakuwa na chochote. Cheo cha mume kiliamua mke akae meza gani. Baadaye milango ikafunguliwa katika vyama vingi, na wanaume waliooa askari wa kike nao wakaingia. Mumeo ni sajini. Ungekuwa hapo miaka hamsini iliyopita, huenda ungeingia dukani kununua tu, na wala usingeulizwa jina. Leo unapewa kalamu. Na mumeo mwenyewe aliingia jeshi hilo kwa mpango wa MAVNI, ulioanza mwaka 2009 kuwachukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, na kuwapa uraia kwa haraka. Ndiyo njia waliyopita wakimbiaji wa huku kwetu kama Paul Chelimo, aliyeiletea Marekani medali ya fedha ya mita 5,000 kule Rio mwaka 2016. Mwaka huohuo mlango ukafungwa kwa waombaji wapya. Basi ukifika kwenye sura ya wanachama wa siku hizi, eleza jinsi wanawake wa Bomet, Eldoret na Kisii walivyofika nyuma ya kaunta ile. Ni historia, na hakuna mwingine hapo atakayeiandika.

Sasa nije kwenye bidhaa, maana duka ni vitu vyake. Uliniambia kinachouzwa zaidi ni vyombo vya udongo vya Boleslawiec. Nilipoona picha ulizotuma, zile bakuli nyeupe zenye madoa ya buluu kama jicho la tausi, nilitaka kujua zinatoka kwa nani. Mji huo uko Poland, si mbali na mpaka wa Ujerumani. Hadi mwaka 1945 ulikuwa wa Kijerumani na ukiitwa Bunzlau, na ufinyanzi wake ulikuwa na sifa ya karne kadhaa. Vita vilipokwisha mipaka ikasogezwa, Wajerumani wakafukuzwa, Wapoland wakahamia, wengi wao wakiwa nao wamehamishwa kutoka mashariki. Wakakuta tanuri zimepoa na udongo uko palepale ardhini. Wakawasha upya. Mapambo hupigwa kwa vipande vidogo vya sponji vilivyokatwa kwa mkono, doa moja moja, na wanaofanya kazi hiyo wengi ni wanawake. Ukomunisti ulipoanguka mwaka 1989 na mipaka kufunguka, wake wa askari wa Marekani walioko Ujerumani wakaanza kwenda huko kwa magari yao na kurudi buti zimejaa bakuli zilizofungwa kwa magazeti. Wao ndio waliovisambaza vyombo hivyo hadi Texas na Carolina. Hebu jiulize ni kiwanda gani kingemudu kuajiri mawakala wengi hivyo.

Na sisi tunayo yetu ya kufanana na hayo. Vinyago vya Wakamba unavyoviona katika kila duka la zawadi duniani vina asili ya vita. Mutisya Munge wa Wamunyu alichukuliwa kwenda Tanganyika wakati wa vita vya kwanza, akajifunza huko kwa wachongaji wenyeji, akarudi Ukambani na ujuzi huo. Vita vya pili vilipoleta maelfu ya askari wa kigeni Nairobi, walitaka kitu cha kutuma kwa mama na wachumba wao, na uchongaji wa Wamunyu ukawa kazi ya kijiji kizima. Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa walikuwa na chama chao cha ushirika. Kwa hiyo wakikuambia kwamba zawadi za askari ni vitu vidogo, waambie kuna watu huku waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa swala na twiga waliofungwa katika mizigo ya askari.

Kugo yako, babu, naye alikuwa askari, hilo unalijua, lakini nadhani hukuwahi kuambiwa upande wa kogo, bibi yako. Alipopelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua ikiwanyeshea na malaria ikiwaangusha, sehemu ya mshahara wake ilikatwa na kutumwa nyumbani kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Kogo alikwenda kuichukua kwa miguu, mtoto mgongoni. Hapakuwa na chama cha wake wa askari wa KAR (King's African Rifles) kijijini, wala duka, wala chai ya kukaribishana. Wanawake wa Kizungu wa nchi hii walikuwa na umoja wao tangu mwaka 1917, East Africa Women's League, na wakati wa vita walifanya kazi kubwa ya kuhudumia askari. Kogo hakuwahi kukutana na hata mmoja wao. Alilima, akakama, akangoja.

Nataka ujue pia kilichotokea Kericho kabla ya hapo, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kulitazama neno hisani kwa macho mawili. Vita vya kwanza vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilitaka kuwafadhili maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani. Nia yenyewe huwezi kuilaumu: mtu amepoteza mkono au mguu, apewe pa kuanzia. Ikaundwa BEADOC, koloni la maofisa walemavu, mwaka 1919, na ekari 25,000 zikatengwa Kericho. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis. Maofisa wakapanda kitani, bei ya kitani ikaporomoka, na baada ya miaka michache koloni likavunjika. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai, Brooke Bond na James Finlay, zikaanza kununua na kupanda, na majani mabichi unayoyaona kutoka Kericho hadi karibu na Sotik yana mizizi yake katika hadithi hiyo. Kugo yako aliporudi kutoka Burma hakupewa hata nusu ekari. Ardhi ile ya BEADOC ilikuwa zawadi kubwa kwa askari, nayo ilitolewa kwa mali ya mtu ambaye hakuulizwa.

Nimeyaleta hayo kwa makusudi, Chelangat. Kila zawadi ina mtu aliyeigharimia. Katika duka la hisani mtu huyo mara nyingi si mteja wala mwanachama wa kujitolea. Ni fundi.

Baada ya vita vya pili serikali iliwakumbuka kidogo wake wa askari weusi. Chuo cha Jeanes pale Kabete, mahali palipo leo chuo cha serikali cha watumishi wa umma, kiliwafunza askari waliorudi pamoja na wake zao: usafi, upishi, ufumaji, malezi. Kutoka katika kazi hiyo ndipo jumuiya ya Maendeleo ya Wanawake ikatokea, mwaka 1952, ikiongozwa mwanzoni na wanawake wa Kizungu, wengi wake wa maofisa wa serikali, hadi Phoebe Asiyo alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Wakati wa Hali ya Hatari, enzi ya Mau Mau, ilitumiwa na serikali kuwavuta wanawake upande wake, na hilo lisifichwe. Lakini akina mama walichukua walichokitaka. Mama yangu alijifunza kushona kwenye kilabu cha Maendeleo, na cherehani aliyonunua kwa fedha za vitambaa ndiyo iliyomlipia baba yako karo ya darasa la saba. Watu wakibishana kama vilabu vile vilikuwa vyema au vibaya, mimi hukumbuka ile cherehani.

Kikundi chetu kilianza kwa njia hiyohiyo, na bidhaa yetu kuu ilikuwa sotet, kibuyu cha maziwa. Wewe umekulia na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda, jikoni, lakini nataka uwaeleze wenzako kinavyotengenezwa, kwa sababu hawawezi kukipa bei wasipojua. Mbegu inapandwa kando ya ua mvua zikianza, mmea unapanda juu ya miti, na tunda linaachwa likauke kwenye shina lake hadi ukiligonga linalia. Linatobolewa shingoni, linajazwa maji kwa siku nyingi ili nyama ya ndani ioze, linamwagwa, linakwanguliwa, linajazwa tena. Uchungu ukishaisha linasuguliwa ndani kwa brashi ya sosiot na kupakwa masizi ya mkaa wa mti wa senetwet. Ndipo ngozi inakatwa kwa ajili ya mkanda na kifuniko, na ushanga unaanza kushonwa, nyuzi kwa nyuzi, na kauri zinapangwa. Kibuyu chenye ufa hutupwa, na hata mtengenezaji hodari hutupa vingi. Tangu mbegu hadi mkanda ni karibu msimu mzima wa kilimo.

Alikuja mnunuzi wa bazaa moja ya hisani ya ng'ambo. Sitaitaja, na wengi waliokuwamo wameshakufa. Alikuwa mpole, alikaa chini na sisi, alikunywa mursik bila kukunja uso. Akatuambia kwamba faida yote inakwenda kusaidia watoto wa Afrika, kwa hiyo atashukuru tukimpunguzia bei. Tulipunguza. Ni nani atakayekataa kusaidia watoto? Tukampa kila kibuyu kwa shilingi themanini, bei ambayo hata sokoni Bomet tungepata zaidi, na agizo likaja tena mwaka uliofuata, na mwingine. Kisha siku moja gari likaja na makatoni ya penseli, madaftari na mipira kwa shule ya msingi ya jirani. Tuliitwa tuimbe. Tukapigwa picha. Aliyeshona mikanda mizuri kuliko sisi sote alisimama mstari wa mbele, na mwanawe wa kidato cha pili alikuwa nyumbani wiki hiyo kwa kukosa karo. Nilikuwa na daftari la hesabu chini ya kwapa. Jioni nilikaa nikapiga hesabu: lau wangetulipa bei ya Bomet tu, bila kuongeza hata senti, yule mama angelipa karo ya muhula, na wengine watatu pia.

Simsemi mnunuzi yule kuwa mwizi. Hakutia fedha mfukoni mwake. Aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba hisani huanza pale faida inapogawanywa. Mimi naamini huanza pale bidhaa inaponunuliwa, na nimeishikilia imani hiyo tangu jioni ile.

Nami si wa kwanza. Mwaka uleule wa 1946 ambapo meli ilifika Bremerhaven, mwanamke wa kanisa la Wamennonite wa Pennsylvania, Edna Ruth Byler, alikwenda Puerto Rico, akaona wanawake wanaotarizi vitambaa vizuri kwa ujira duni. Akavichukua na kuviuza kwa marafiki zake, akibeba shehena ndani ya gari lake. Kutoka katika gari hilo likatokea shirika linalojulikana sasa kama Ten Thousand Villages. Mwaka 1949 watu wa kanisa la Brethren wakaanzisha SERRV, na bidhaa zao za mwanzo ni saa za ukutani zilizotengenezwa na wakimbizi wa Ujerumani, hapohapo mlipo. Wao waliuliza kwanza: fundi atalipwa nini? Wake wa askari waliuliza kwanza: faida tumpe nani? Maswali yote mawili ni ya watu wema, na yalizaliwa karibu pamoja. Kama ningekuwa naandika historia ya duka lenu, ningetafuta kwenye yale makabati kama kuna mwaka wowote ambapo mtu aliuliza yote mawili kwenye mkutano mmoja. Ukimpata mtu huyo, mpe sura nzima.

Unapofungua vitabu vya zamani, basi, usiandike tu jumla ya misaada. Jumla hizo ni nzuri na watu hupenda kuzisoma. Weka pembeni yake safu ya pili: bakuli hili lilinunuliwa kwa kiasi gani Boleslawiec, mwanasesere huyu kwa kiasi gani, jiwe la Tabaka kwa kiasi gani na kutoka mikononi mwa nani. Ndiyo, jiwe la Tabaka. Katika ile picha ya rafu ya kushoto niliona bakuli mbili za mawe ya Kisii zenye samaki. Zimechongwa mwendo wa saa chache kwa matatu kutoka hapa nilipokaa, zikapita kwa dalali, zikapita kwa dalali mwingine, zikafika Ujerumani. Tafuta risiti yake.

Mtafute pia mtu yeyote aliyekuwapo Agosti 1998. Bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 na kuua watu 213, baadhi ya majeruhi, Wakenya wakiwemo, walipelekwa kwa ndege hadi hospitali ya jeshi ya Landstuhl, jirani yenu kabisa. Uliza kama duka au chama kilifanya lolote wiki zile. Sitaki kukisia, lakini mahali ambapo wanawake wamezoea kupeleka zawadi hospitalini, karatasi huenda ipo.

Na usisahau kuwaambia wenzako kwamba wake wa askari wako Kenya pia. Tangu majeshi yetu yaingie Somalia Oktoba 2011, nyumba nyingi za kaunti hizi zinajua kungoja kwa kogo. Baada ya shambulio la El Adde huko Somalia, Januari 2016, wajane walikuwa wengi. Chama cha wake wa wanajeshi wa Kenya, MWAK, hufanya kazi za hisani na kusimama na familia hizo. Kama chama chenu kinatafuta wa kushirikiana naye, hao ni watu wa kuandikiwa, mke wa askari kwa mke wa askari.

Mwisho, umeuliza kama kikundi kinaweza kuleta vibuyu kuuzwa hapo. Niliwauliza akina mama Jumanne. Wamekubali kwa masharti haya, na nimeyaandika walivyoyasema: nusu ya fedha kabla ya ushanga kununuliwa, kupitia M-Pesa ya kikundi, bei isiwe chini ya ile ya soko la Bomet, na tutakutumia bei hiyo kila msimu, kibuyu kikivunjika njiani hasara igawanywe nusu kwa nusu, na jina la mshonaji liandikwe kwenye karatasi ya bei kama mwenyewe anataka. Wawili hawataki majina yao. Kabla ya yote uliza ofisi ya forodha ya kambi kama bidhaa ya mmea mkavu inaruhusiwa, na kama mnaruhusiwa kuwauzia Wajerumani au walio kambini pekee, maana sheria za vitu visivyolipiwa kodi ni kali na sitaki upate taabu kwa ajili yetu. Tunaweza kuwa na vibuyu ishirini vilivyokauka ifikapo Agosti, vya ukubwa wa kati, na mikanda ya rangi utakazochagua.

Nijibu baada ya mkutano wenu. Na mpe mumeo salamu, mwambie baba yake amenunua ndama.

Ni mimi shangazi yako,
Longisa